Kubadilishana: Somo la Neno Moja na Ndugu Zake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo fupi la Kiswahili kwa ajili ya muhula huu. Kwanza nalidhani nitaandika juu ya ngeli za majina, kwa kuwa makosa ya ngeli hayaishi katika madaftari yenu. Lakini jambo lililotokea bwenini siku ya kufunga shule muhula uliopita limenifanya niziache ngeli zingoje. Wengi wenu mnalijua jambo lenyewe, na baadhi yenu mlikuwa mashahidi. Wahusika wameniruhusu kulieleza mradi nisiwataje majina.

Wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili, marafiki tangu siku walipofika hapa na matranka yao kichwani, walibadilishana vitu wiki moja kabla ya mitihani. Mmoja alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vipya, lakini vikimbana vidole. Mwenzake alikuwa na saa ya mkono, na viatu vyake vimeachama mbele kama mdomo wa mamba. Mwenye viatu alitaka saa ya kumwonyesha muda katika chumba cha mtihani. Basi wakapeana. Mitihani ikaisha. Siku ya kufunga shule yule mwenye viatu akairudisha saa, akadai viatu vyake. Mwenzake akakataa, akasema, "Tulibadilishana." Yule akajibu, "Ndiyo, tulibadilishana. Sasa nipe vyangu." Wote wawili walitumia neno lilelile, wala hakuna aliyesema uongo, na kwa neno hilo moja nusura wapigane.

Waliletwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Nami nakiri kwamba nilikata shauri upesi mno. Nilifungua kamusi, nikawasomea maana ya "badilisha", nikasema: kubadilisha ni kutoa kitu na kupokea kingine mahali pake, viatu ni vya huyu, saa ni ya yule, nendeni mkafunge mizigo. Mchana uleule akaja mama wa yule aliyetoa viatu, naye aliniambia maneno ambayo hayamo katika kamusi yangu. Nitayaeleza mbele, lakini kwanza tulisome neno.

"Badili" asili yake ni Kiarabu, na huko shina lake lina maana ya kuweka kitu mahali pa kingine. Ndugu yake tunayemtumia kila siku ni "badala": leo tumekunywa uji badala ya chai. Neno hili lilipokwisha kuingia katika Kiswahili lilivishwa viambishi vyetu kama mgeni avishwavyo shuka ya nyumbani. Twasema hali ya hewa imebadilika, yaani imegeuka yenyewe. Twasema fundi amebadilisha kitasa, maana yake amekitoa cha zamani akatia kipya. Halafu huja -ana, kiambishi cha kutendana, na hapo hapana budi watu wawe wawili au zaidi: kubadilishana, kama kupigana, kuandikiana na kuagana. Mtu hawezi kubadilishana peke yake.

Sasa angalieni jambo ambalo mimi nililisahau siku ile. Kiambishi -ana hutwambia kuwa watu ni wawili. Hakitwambii kama vitu vitarudi. Abiria wawili wakibadilishana viti ndani ya basi, hakuna ashukaye na kiti kwenda nacho kwao. Walinzi wakibadilishana zamu, aliyetoka leo atarudi kesho. Lakini mfugaji akibadilishana na jirani, mbuzi wawili kwa ndama mmoja, jambo limekwisha, na akienda wiki ijayo kuwadai mbuzi wake atachekwa. Neno ni moja, na desturi ndiyo inayotwambia kama mlango umefungwa au umeachwa wazi. Vijana wetu wawili hawakuwa na desturi ya kuwaongoza, maana saa kwa viatu si jambo la kila siku.

Kiswahili hakikukosa maneno ya kuwasaidia. Kinayo mengi, ila tumekuwa wavivu kuyatumia. Chukueni "kuazima" na "kukopa", ambayo katika insha zenu mnayachanganya kila mara. Mtu huazima kitu kitakachorudi chenyewe: jembe, kalamu, baiskeli. Akikurudishia jembe jingine, hata kama ni zuri kuliko lako, una haki ya kuuliza la kwako liko wapi. Lakini hukopa kitu kinachotumika kikaisha: fedha, sukari, unga. Hakuna anayetazamia kurudishiwa noti ileile aliyoikopesha wala chembe zilezile za sukari. Hurudi kitu cha kadiri ileile. Kwa hiyo anayesema "nimekopa kalamu" na anayesema "nimeazima sukari" wote wawili wamekosea. Tena kuna ugumu mwingine kidogo: "azima" hutumika pande zote mbili, kwa anayetoa na kwa anayepokea. "Niazime kalamu" ni ombi la kupewa. "Nimeazima kalamu kwake" ni habari ya kupokea. Kukopa hakuna matatizo hayo, kwa sababu anayetoa hukopesha.

Nyuma ya hayo mawili kuna jamii nzima. Ukimwachia mtu kitu akutunzie bila kukitumia, hiyo ni amana. Ukimpa kitu ashike mpaka ulipe fedha uliyokopa, hiyo ni rehani. Ukitoa fedha kidogo mapema ili muuzaji asimpe mwingine kitu ulichokichagua, hiyo ni arabuni. Na kuna jina moja ambalo nalipenda kuliko yote, mali kauli: mchuuzi huchukua mali dukani kwa mwenye duka bila ya kulipa hata senti, akaenda kuiuza, ndipo arudi kulipa. Kinachomzuia asitoroke ni kauli yake tu, na kwa hiyo mali yenyewe imeitwa kwa jina la neno lililosemwa. Wachuuzi wengi mnaowaona wakitembeza bidhaa mabarabarani walianza kwa njia hiyo.

Wanafunzi wa historia watauliza kama watu wa pwani walikuwa wakijua tofauti hizi tangu zamani. Naam. Karibu miaka 2,000 iliyopita mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, alitunga kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kiitwacho Periplus. Ameeleza habari za soko liitwalo Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania. Anasema vyombo vilileta mikuki, mashoka, majambia, misumari ya kutobolea na vitu vya kioo, vikachukua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Hiyo ni biashara. Lakini anaongeza kwamba mahali pengine wageni walileta pia divai na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Yaani hata siku zile mgeni alijua kwamba kuna kitu unachokitoa ili kipatikane kingine papo hapo, na kuna kitu unachokitoa ili upatikane uso mkunjufu, na kwamba cha pili hakiandikwi katika hesabu za cha kwanza.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, naye akaona mambo ambayo yangefaa kutungiwa mchezo wa kuigiza. Chombo kilipotia nanga vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani hiyo, akasema kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hushukia nyumbani kwa kijana yule, na mwenyeji ndiye anayemwuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Mtu akimpunja mgeni kwa kununua mali yake kwa bei ya chini mno, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo huhesabiwa batili. Angalieni jinsi sahani moja ya chakula inavyotangulia mbele ya marobota ya nguo. Wengine watasema yule kijana alikuwa dalali tu, na sahani ilikuwa ujanja wa dalali. Pengine. Lakini mgeni asiyejua lugha wala bei za mji alipata mtu wa kumtetea, na ujanja wa namna hiyo mimi sioni ubaya wake.

Huko bara, katika karne ya 19, jambo la namna hii lilipata jina ambalo leo linatuumiza masikio. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi yenye ukame, ambako maji yalikuwa na wenyewe. Kila mtawala ambaye msafara ulipita katika nchi yake alitaka hongo, na hongo hiyo ililipwa kwa nguo, shanga na waya. Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, naye alinung'unika sana. Kwake yeye hongo ilikuwa unyang'anyi. Kwa Mgogo aliyekuwa akiwaona watu mamia kwa mamia wakinywa visima vyake na kukanyaga mashamba yake, ilikuwa ni haki ya mwenye nchi, nayo ilitolewa mchana kweupe, kwa majadiliano, mbele ya watu. Leo hongo ni fedha inayopitishwa chini ya meza kwa mtumishi anayekwisha kulipwa mshahara kwa kazi ileile. Neno limebaki, na mambo yaliyolifanya liwe halali yameondoka, yaani uwazi wa mapatano na haki ya anayepokea.

Nguo zilizolipwa zilikuwa na vipimo vyake. Shuka ilikuwa mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti, mikono minane. Ndiyo maana hata leo mama zenu hununua khanga kwa doti. Nguo iliyopendwa mno ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi, ambayo meli za Marekani, hasa za Salem katika Massachusetts, zilileta Unguja. Na kwa kuwa mkono ni kutoka kisigino cha mkono mpaka ncha ya kidole, mwenye kununua alipenda kupimiwa na mtu mrefu. Shanga nazo zilikuwa na matata yake. Kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa inaoutaka, na msafara uliochukua shanga zisizopendwa huko ulikokwenda ungeweza kulala njaa huku wapagazi wamebeba mizigo na mizigo ya "fedha". Kitu kinakuwa fedha pale tu mwenzako anapokubali kukipokea.

Nimetia neno fedha katika alama kwa sababu fedha, kwa asili, ni madini: ile nyeupe inayofuliwa bangili. Ilikuwa ndiyo madini ya sarafu, kama ile reale ya Maria Theresa iliyopitia mikononi mwa babu zetu wa pwani, na jina la madini likawa jina la mali yote ya kununulia. Majina mengine yalikuja na wageni, wageni wakaondoka, majina yakabaki. "Pesa" ni paisa ya Kihindi, na 64 zilifanya rupia moja. "Hela" ni heller ya Wadachi, ambao mwaka 1904 waliacha hesabu ya pesa 64 wakaigawa rupia yao kwa heller 100. Mwaka 1916, vita vilipowafungia njia ya baharini, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora, na miongoni mwake ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Sarafu hizo sasa zinawekwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, lakini kijana wa mjini asemaye "sina hela" hulitaja jina lao kila siku bila kujua. Na jirani zetu Waganda huita fedha ensimbi, yaani kauri, ijapokuwa hakuna tena mwenye duka anayepokea kauri.

Hapa pana jambo ninalotaka mlishike hata kama mtasahau mengine. "Sarafu" imetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kugeuza; huko mtu mwenye kazi ya kubadili fedha huitwa kwa neno la shina hilo. Na shina hilohilo ndilo lililotupatia "sarufi", kwa sababu elimu ya maneno katika Kiarabu huanza na kuyageuza: ameandika, anaandika, mwandishi, kimeandikwa. Sarafu na sarufi ni ndugu wa tumbo moja, na "masurufu", fedha ya matumizi ya safari, ni binamu yao. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniambia kwamba atasoma biashara kwa kuwa sarufi haina faida, na wapo, ajue anawagombanisha ndugu.

Kubadili sarafu moja kwa nyingine si kazi ya hesabu tu. Watu wameumia kwayo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda sana, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ikaikaza hapo juu: rupia 10 kwa pauni. Ikaletwa florini, haikudumu, na mwaka uliofuata ikaamriwa shilingi, mbili kwa kila rupia. Fanyeni hesabu hii. Mtu alikopa rupia 1,500 wakati zilipokuwa sawa na pauni 100. Hakuongeza deni hata senti moja, lakini siku ya kulipa rupia zilezile 1,500 zilikuwa sawa na pauni 150. Kama anauza mazao yake Uingereza kwa pauni, amejikuta anadaiwa nusu zaidi. Aliyemkopesha naye, bila kunyanyua jembe, amepata nusu zaidi. Unguja walibaki na rupia mpaka mwaka 1936, nao walipobadilishiwa walipata shilingi moja na nusu kwa rupia moja, kwa kuwa rupia ya India ilikuwa imeshuka. Rupia ni ileile, bahari katikati ni ndogo, na mmoja amepata mbili, mwingine moja na nusu.

Shilingi yenyewe ilikuwa moja kutoka Mombasa hadi Kampala hadi Dar es Salaam mpaka mwaka 1966, ambapo kila nchi ilianza kutoa ya kwake. Mwanzoni zililingana. Leo ukisimama Namanga au Sirari utaona vijana wameshika mabunda ya noti, na shilingi moja ya Kenya hununua shilingi nyingi za Tanzania. Jina ni moja bado.

Dukani maneno hubadilika tena. Ukiwa na noti kubwa hubadilishi, bali unavunja: "Nivunjie elfu kumi." Ukinunua, unarudishiwa chenji, na kama mwenye duka hana sarafu atakutilia peremende au kiberiti mkononi, nawe umebadilishana naye bila kutaka. Na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, neno "kutoa" limepinduliwa kichwa chini. Zamani aliyetoa alikuwa mkarimu, na mkono wake ulibaki mtupu. Leo mtu huenda kwa wakala kutoa pesa, akarudi nazo mfukoni. Bibi yangu mmoja wa mtaani aliposikia mjukuu amekwenda kutoa pesa alimwombea dua, akidhani anatoa sadaka.

Sehemu inayowahusu wazazi wetu zaidi ni ile ya vipimo, maana hapo ndipo nipe nikupe inapogeuka nipe nikuibie. Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na pia kwa pishi palikuwa na ugomvi: je, ijazwe ilingane na mdomo, au ilimbikwe juu kama kichuguu? Leo ugomvi ule umehamia katika gunia. Mnunuzi huja shambani na bei ya gunia, nayo hasemi uongo. Kisha hushonea juu ya gunia kipande kingine, akalijaza mpaka linafanana na mama mjamzito. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hukubaliana bei, na kipimo kikamponyoka. Serikali ya Tanzania imeipiga marufuku mara nyingi, na sheria inataka mazao yapimwe kwa mizani, lakini mizani iko mbali na mnunuzi yuko mlangoni. Mbaya zaidi ni ile iitwayo butura huko Kagera: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua mtini. Anapokea fedha kidogo leo, na mwenzake atachukua debe baada ya debe wakati wa mavuno. Ukimwuliza mnunuzi atasema walipatana. Ni kweli walipatana. Lakini mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa na mwingine alikuwa na mwaka mzima wa kungoja.

Kuna maneno ambayo Kiswahili kimeyazuia yasiingie sokoni kabisa. Twasema mtu ametoa mahari, au amelipa mahari, lakini asemaye "amenunua mke" atatazamwa kwa jicho baya, hata na wale waliohesabu ng'ombe mmoja mmoja. Kinyume chake, mengine tumeyatoa sokoni tukayapeleka vitani. Kulipa ni kumaliza deni. Ongeza silabi moja, ukapata kulipiza, na anayelipiza humaliza deni la kofi kwa kofi. Hata "kisasi" katika asili yake ya Kiarabu kina maana ya usawa: kadiri ileile, isizidi. Waliokuwa wakitaka kupigana bwenini walikuwa wameikaribia njia hiyo.

Nirudi kwa mama. Alinikuta chini ya mwembe, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu ameniambia umetoa hukumu."

Nikamweleza, nikatumia na kamusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, vile si viatu. Vile ni debe la maharage na nauli ya kwenda mjini na kurudi. Nilimpa avae. Sikumpa auze, wala sikumpa abadilishe. Sasa amebadilisha kitu cha nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewauliza vijana walisema nini, sikuwauliza vitu ni vya nani. Nikaagiza waitwe. Nilipomwuliza mwenye saa swali hilohilo aliinamisha kichwa, akasema, "Ni ya kaka, mwalimu. Aliniazima mpaka nitakapomaliza shule." Basi kumbe mmoja alitoa kitu alichopewa avae, na mwingine alitoa kitu alichoazimwa, na mimi nimekwisha kuwagawia mali za watu wasiokuwapo.

Nikasema kila kitu kirudi. Lakini mama aliviinua viatu, akatazama soli zilizoanza kuliwa upande, akamtazama na yule kijana mwingine miguuni, penye kile kinywa cha mamba. Akamwambia mwanawe avijaribu. Vidole vilikuwa vimezidi kukua, kisigino hakikuingia. Akanyamaza kidogo, kisha akavitia mikononi mwa yule mwenzake.

"Saa iende kwa kaka yako," alisema. "Viatu vaa. Ukifika nyumbani mwambie mama yako kwamba kuna debe la maharage baina yangu na yeye. Sikuweka tarehe."

Siku ya kufungua shule muhula huu kijana yule alikuja ofisini kwangu amebeba mfuko wa karanga zilizomenywa, uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Alisema mama yake ameutuma, si wa kumaliza, ni wa kuanzia. Umekaa pembeni mwa meza yangu, ukingoja siku ya wazazi. Nilitaka kuubandika karatasi, kama tuandikavyo mizigo ya watu, nikakwama kwenye neno. Si mkopo, kwa kuwa hakuna aliyekopa. Si bei, kwa kuwa hakuna aliyeuza. Zawadi hairudishiwi kwa kipimo, na mali kauli yataka mali iuzwe kwanza.

Wengi wenu mna lugha nyingine nyumbani, na huenda baadhi ya lugha hizo zina neno linalofaa. Waulizeni bibi na babu wakati wa likizo: kitu kilichotolewa namna hii kwao kinaitwaje, na kinachokirudia kinaitwaje? Mniandikie neno, lugha yake, na mfano mmoja wa sentensi, mlete kwangu kabla ya gazeti la muhula ujao kwenda kupigwa chapa. Na wale wa Kidato cha Pili waandike tena zoezi la "kuazima" na "kukopa", kwa maana nimeyaona madaftari.